Daraja Lenye Magoti

Sogeeni, mwenye kikombe chake aje nacho, tuanze na kitendawili kabla chai haijapoa. Nyumba moja ina midomo mia moja na ishirini. Inasema tangu asubuhi hadi alasiri, na mlango ukifungwa hakuna mtu anayejua imesema nini. Mkishindwa toeni mji, na mji wenyewe uwe na daraja, maana huko tuendako daraja ni kitu cha kuota.

Nyumba hiyo ni Seneti. Seneti ya nchi gani? Ramani yake ililiwa na panya, kwa hiyo tusiulizane. Ilikuwa nchi nzuri tu, yenye bendera ya rangi saba, wimbo wa taifa wa beti kumi na nne, na watu wenye adabu kupita kiasi. Adabu hiyo ndiyo iliyozaa mambo yote haya.

Siku Seneti ilipofunguliwa, seneta wa kwanza kabisa alisimama akasema, "Nashukuru kwa nafasi," akaketi. Wa pili hakutaka aonekane hakulelewa vizuri, akamshukuru Spika na akamshukuru wa kwanza kwa kushukuru. Wa tatu akaongeza Mtukufu Mlezi wa Taifa, ambaye ndiye mwenye nchi. Wa nne akaongeza mke wa Mtukufu Mlezi. Hapo ndipo ilipoanza. Miaka arobaini na minne baadaye, shukrani zilikuwa zimepigwa chapa kwenye kijitabu cha kijani cha kurasa tisa, na kila seneta alikuwa nacho mfukoni. Unaanza na Mwenyezi Mungu, unashuka kwa Mtukufu Mlezi, Spika, Naibu Spika, Waziri mwenye hoja, wataalamu wa Waziri, mwenzi wako kwa uvumilivu wake, wapiga kura wako kwa uvumilivu wao, unamalizia na mafundi mitambo wanaotunza vipaza sauti.

Na kila seneta alipewa dakika tano. Dakika ya nne kengele ya kwanza, dakika ya tano kengele ya pili, kipaza sauti kinazimwa. Baina ya fundi mitambo wa mwisho na kengele ya pili palibaki nafasi ya sentensi moja tu, nayo kila mtu aliijua: "Naunga mkono hoja asilimia mia moja!"

Basi sheria zilipita namna hiyo, hakuna aliyezifungua tumbo kuona zimekula nini. Muswada wa Kuzuia Ukame ulipita bila kupingwa. Ukame wenyewe haukuwepo ukumbini siku ile, kwa hiyo haukupata habari.

Tena palikuwa na kanuni ya arobaini na moja, iliyosema shukrani ikishatolewa ukumbini haikanushwi, haipunguzwi wala hairudishwi. Naibu Waziri mmoja wa Maji, mtu mnyenyekevu, aliwahi kushukuriwa kwa kisima akasimama akasema, "Hapana, Mheshimiwa, kile kilichimbwa na wamisionari." Ilipofika saa nane alikuwa naibu waziri wa zamani. Barua yake ilisema ameonyesha upungufu wa nidhamu ya furaha. Tangu hapo mawaziri walipokea chochote. Seneta Bakuli, mzee aliyelala vikao vyote na kuamka kwenye makofi, aliwahi kumshukuru Waziri wa Kilimo kwa mvua, na mvua ikaingia kwenye taarifa ya mwaka ya wizara: utekelezaji asilimia tisini na nane. Mbili zilizobaki zilinyesha baharini.

*

Ndani ya nyumba hiyo ya midomo aliingia Tunu Kisonzo, Seneta wa Mkoa wa Ng'ambo.

Kabla ya useneta Tunu alikuwa mpishi wa shule ya msingi. Alikuwa na sauti. Uji ukiiva alisimama mlangoni mwa jiko akaita mara moja, na watoto mia tatu waliacha mpira. Watu wa Ng'ambo walikaa wakafikiri wakasema, sauti hii ikifika mjini, watatusikia. Wakampigia kura zote, hata mpinzani wake alimpigia.

Walichotaka kisikike ni kitu kimoja. Mkoa ule uligawanywa na Mto Mvungwe. Nyumba zilikuwa upande huu. Zahanati, shule na soko upande ule. Na katikati hapakuwa na daraja. Palikuwa na Ndimbo.

Ndimbo alikuwa mjomba wake Tunu, ndugu wa mama yake tumbo moja. Alikuwa mwanamume mrefu kama nguzo ya simu, na kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa akivusha watu mgongoni. Aliwavusha wanafunzi wawili wawili, wagonjwa, maharusi, na mbuzi wa mahari. Wajawazito aliwabeba mbele, mikononi, kama mtu aliyebeba sinia la mayai. Tunu mwenyewe alisoma mpaka darasa la saba juu ya mgongo ule. Ujira wa Ndimbo ulikuwa tumbaku na soga. Asiye na tumbaku alitoa soga mbili.

Lakini masika ya mwaka uliotangulia uchaguzi magoti yake yalianza kulia. Ukiwa mgongoni uliyasikia: ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi kutoka chini ya maji.

"Mjomba, magoti hayo," Tunu alimwambia siku alipomvusha kwenda kuapishwa.

"Yanakuaga," alisema Ndimbo. "Nenda kaseme, mama. Usiseme mengi. Sema daraja, ukae chini."

*

Neno moja. Ungedhani ni kazi nyepesi.

Mjadala wake wa kwanza ulikuwa wa Muswada wa Kusajili Mbuzi. Tunu aliandika kwenye karatasi ya daftari DARAJA LA MVUNGWE, akasimama, akafungua kijitabu cha kijani. Alishukuru kwa ile sauti ya jikoni mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka na Seneta Bakuli akaamka kabla ya wakati wake. Alipofika kwa mafundi mitambo kengele ya pili ikalia. Akakaa, karatasi bado imekunjwa kiganjani. Wenzake wakagonga meza.

"Mchango mzito sana, Mheshimiwa," Bakuli alimnong'oneza.

"Lakini mzee wangu, sijasema kitu."

"Ndiyo uzito wenyewe huo. Mimi mwaka wa ishirini na mbili huu sijasema kitu, na nina nishani."

Mjadala wa pili, wa Sheria ya Vipimo vya Vitumbua, Tunu alijaribu kushukuru kwa haraka. Spika akamkatiza. "Mheshimiwa, Mtukufu Mlezi umempita mbio kama mtu anayekimbia mvua. Rudi umshukuru kwa mwendo wa heshima." Akarudi. Kengele ikalia.

Mara ya tatu aliwaruka mafundi mitambo. Kipaza sauti kikakata hapo hapo, chenyewe, na fundi juu kwenye kijumba chake cha vioo akatazama pembeni akipiga mluzi.

Alijaribu kutoa taarifa. Taarifa nayo ilikuwa na shukrani zake, kurasa mbili. Alijaribu kuomba mwongozo wa Spika. Mwongozo ulikuwa na tatu. Mwisho akaandika swali kwenye karatasi, akalipeleka kwa Waziri wa Madaraja na Vivuko, Mheshimiwa Kapalata: Je, serikali ina mpango gani wa kujenga daraja kwenye Mto Mvungwe?

Jibu lilikuja baada ya miezi saba, limepigwa muhuri mara nne. Lilisema: Daraja lipo.

Tunu alilisoma akaligeuza nyuma akidhani kuna maneno mengine. Kisha akashika njia mpaka wizarani, kwa mtunza Rejista Kuu ya Madaraja, Bwana Chilambo, mtu mwembamba mwenye kalamu sikioni. Chilambo akafungua kitabu kikubwa kama mlango, akamwonyesha kwa kidole. Aliwahi kwenda Mvungwe mwenyewe, miaka kumi na tisa iliyopita. Fomu iliuliza: Je, mkaguzi alivuka? Alivuka. Kwa kutumia nini? Naye alikuwa mtu mkweli, akaandika alichokiona:

Kivuko cha Mvungwe. Daraja: lipo. Jinsi: la kiume. Hali: zuri. Tabia: linapiga soga.

"Lakini Bwana Chilambo," alisema Tunu, "huyu ni mjomba wangu."

"Hongera," alisema Chilambo. "Familia chache zina daraja."

"Ni mtu!"

"Rejista haina safu ya mtu, Mheshimiwa. Ina daraja, pantoni na kamba. Kumwandika kamba ningemtukana."

Kwenye bajeti ya kila mwaka, hata hivyo, palikuwa na kifungu kimoja kinachoitwa Upembuzi Yakinifu wa Daraja Jipya la Mvungwe. Kilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa na hakijazaa hata jiwe. Tunu alikishikilia kwa macho kama mtu anayelinda chungu kisimwagike. Kifungu kikiwepo, alijisemea, siku moja nitapata pa kulitia neno langu.

*

Mwaka wa tano, mwaka wa mwisho wa kipindi chake, bajeti ilisomwa mwezi mmoja kabla ya masika. Seneti ilipumzika siku tatu, Tunu akaenda nyumbani.

Ndimbo alimchukua mgongoni kama kawaida. Maji yalikuwa ya kiunoni tu. Katikati ya mto goti la kushoto likasema ko! halafu likanyamaza, na mzee akashuka nalo mpaka maji yakamfika kidevuni. Tunu akaning'inia shingoni mwake, kiatu kimoja kimeshakwenda na mto.

"Mjomba!"

"Tulia. Daraja linapumua."

Wakakaa hivyo, yeye na mjomba wake, na samaki wadogo wanawapita. Halafu Ndimbo akainuka, taratibu, akilishika goti kwa mkono kama mtu anayemwamsha mlevi. Walipofika ukingoni akakaa chini, jambo ambalo hakulifanya kamwe mbele ya abiria.

"Masika haya sivuki nayo, mama," alisema. "Shemeji yako Siwema ana mimba ya miezi minane. Wenziwe watatu wako nyuma yake. Nani atawabeba?"

"Mjomba, nimesimama mara sitini na tatu. Mara sitini na tatu! Hawanipi nafasi ya kusema. Wananipa nafasi ya kushukuru tu."

Ndimbo akakamua kaptura yake. "Basi shukuru," alisema kwa hasira. "Kama wanakula shukrani peke yake, wapikie hizo hizo. Wewe si mpishi?"

Tunu alikuwa akikamua kitambaa cha kichwa. Akaacha. Maji yakamtiririka usoni na hakuyafuta. Alikuwa anaikumbuka kanuni ya arobaini na moja, na yule naibu waziri wa kisima, na mvua ya Seneta Bakuli.

"Mjomba," alisema, "daraja ungependa liwe la rangi gani?"

*

Siku ya mjadala wa bajeti Mtukufu Mlezi alikuja mwenyewe, akaketi kwenye kiti chake cha juu chenye mito. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyependa sana kuzindua. Mwaka huo alikuwa ameshazindua ngazi, mzani wa sokoni, na mlango uliokuwa ukitumika tangu zamani.

"Seneta wa Ng'ambo, dakika tano," alisema Spika.

Tunu akasimama. Kijitabu cha kijani alikiacha mezani, kimefungwa. Maseneta wakageuka kutazama, maana hilo halijawahi kuonekana.

"Mheshimiwa Spika," aliita, na vioo vikaanza, "namshukuru Mwenyezi Mungu. Namshukuru Mtukufu Mlezi wa Taifa. Na dakika zangu zote zilizobaki namshukuru Mheshimiwa Kapalata, Waziri wa Madaraja, kwa daraja alilotujengea kwenye Mto Mvungwe!"

Meza zikagongwa. Waziri Kapalata akainama kidogo akitabasamu, kwa mazoea. Halafu tabasamu likabaki peke yake usoni, mwenyewe ameshaondoka.

"Namshukuru kwa nguzo zake sita za zege! Namshukuru kwa upana wake, mkokoteni unapishana na mkokoteni! Namshukuru kwa kingo za chuma, zimefika kifuani mwa mtoto, hakuna mtoto atakayeanguka! Namshukuru kwa rangi ya bluu! Wajawazito wa Ng'ambo wanavuka kwa miguu yao wakiimba jina lake!"

Kengele ya kwanza ikalia. Waziri alinyanyuka nusu, mdomo wazi. Jirani yake, Waziri wa Fedha, akamvuta koti. "Arobaini na moja," alimnong'oneza. Kapalata akaketi.

"Nawashukuru mafundi mitambo," alimalizia Tunu, "na naunga mkono hoja asilimia mia moja!"

Ukumbi ulilipuka. Seneta Bakuli aliamka akapiga makofi akauliza nani kafa. Na juu kule Mtukufu Mlezi alikuwa ameegemea mbele, macho yanang'aa kama mtoto aliyeona pipi.

"Daraja zuri namna hiyo," alisema, "na sijalizindua?"

Akahesabu kwa vidole.

"Nitakwenda siku ya kumi na moja kuanzia leo. Nitavuka na msafara wangu wote."

Waziri wa Fedha naye hakuchelewa. Alichomoa kalamu yake nyekundu. "Mheshimiwa Spika, kwa kuwa daraja limekamilika, naomba kifungu cha upembuzi yakinifu kifutwe." Wanaosema ndiyo? Ndiyooo! Kikafutwa.

Hilo Tunu hakulipigia hesabu. Kama siku kumi na moja zingepita bila daraja, Ng'ambo isingepata jingine tena maisha. Kwenye karatasi wangekuwa nayo mawili.

*

Waziri Kapalata alimkamata kwenye ukumbi wa nje, karibu na birika la chai.

"Dada Tunu. Daraja gani lile?"

"La kwako, Mheshimiwa."

"Najua ni la kwangu! Liko wapi?"

"Ukurasa wa mia nne na tatu wa kumbukumbu rasmi."

"Na mtoni?"

"Mtoni bado halijafika."

Waziri akajifuta jasho kwa tai yake. "Unajua nitafukuzwa?"

"Ukilikana utafukuzwa leo," alisema Tunu, akammiminia chai. "Usipolijenga utafukuzwa siku ya kumi na moja. Mimi nakuonea huruma, kaka yangu, ndiyo maana nimeshaanza kukushukuru mapema. Sukari vijiko vingapi?"

*

Kesho yake Waziri akateremka Mvungwe na wahandisi wanane na Bwana Chilambo na rejista yake. Tunu alikuwa ameshatangulia. Ndimbo alikuwa amekaa ukingoni anachua magoti.

"Lakini Mheshimiwa," alisema Chilambo, akifungua kitabu, "mbona daraja lipo? Hili hapa limekaa."

Uso wa Waziri ukachanua. Alimzunguka Ndimbo mara mbili, akamgonga bega kuona ugumu. "Kumbe! Tulipake rangi ya bluu. Utepe tutafunga kiunoni. Mtukufu atakata, kwisha."

Tunu akamwona akilini mjomba wake kapakwa bluu, kasimama mtoni masika mengine thelathini.

"Bluu ya nguo sawa," alisema Ndimbo, "ya ngozi itaniwasha. Halafu huyo mkubwa, anakuja na nani?"

"Na magari arobaini," alijibu mhandisi mmoja.

Waziri akayatazama yale magoti. "Mzee," aliuliza taratibu, "unaweza kubeba gari?"

"Sijawahi kuombwa," alisema Ndimbo. "Tujaribu na wewe kwanza. Panda."

Waziri akapanda, na suti yake, na viatu vyake vya ncha. Walifika katikati. Goti likasema ko! Safari hii daraja halikupumua. Lilikwenda chini moja kwa moja na Waziri wake juu. Wahandisi waliwavuta wote wawili kwa kamba. Mheshimiwa alitoka na kambale mfukoni, akakaa mchangani akitazama mto kwa muda mrefu, kama mtu anayeona maji kwa mara ya kwanza.

"Watoto wanapita hapa?" aliuliza.

"Kila asubuhi," alisema Tunu.

"Andika," Waziri alimwambia Chilambo huku akitetemeka. "Daraja limeharibika. Jengeni jingine. Leo."

Na likajengwa, wajukuu. Ule upembuzi wa miaka zaidi ya ishirini kumbe ulikuwa unatafuta kitu kimoja tu, kama mto una kingo mbili. Wahandisi walitazama huku, wakatazama kule, wakaziona. Vyuma vilitoka kwenye jukwaa la Maadhimisho ya Siku ya Madaraja, ambayo nchi ile iliisherehekea kila mwaka kwa gwaride. Wanajeshi walichimba, watu wa Ng'ambo walibeba kokoto, na Tunu akarudi kwenye masufuria yake kupikia watu mia tano, akiita mara moja tu.

Huku nyuma, Senetini, wenzake walikuwa wameunusa ujanja huo. Seneta mmoja alimshukuru Waziri wa Afya kwa hospitali ya ghorofa tatu, mwingine kwa walimu arobaini waliokwisha kuwasili, mwingine kwa bahari, na yeye anatoka milimani. Mawaziri wakaanza kuugua mmoja mmoja. Spika akaona nchi itajengwa yote bila kutarajiwa. Akabadilisha kanuni haraka, shukrani ziwe pumzi moja tu na zilizobaki ziwe hoja. Seneta Bakuli ndiye aliyefungua dimba. Alishukuru pumzi moja, akabakiwa na dakika nne na nusu, akatazama dari, akatazama saa, akatazama viatu vyake. Kengele ilipolia alikaa amelowa jasho.

"Miaka ishirini na sita," alisema, "sijawahi kuchangia kwa shida namna hii."

*

Siku ya kumi na moja magari arobaini yalivuka Mvungwe, na daraja halikusema hata ko. Nguzo sita, kingo za chuma mpaka kifuani mwa mtoto, rangi ya bluu bado inanata. Mtukufu Mlezi aliondoka na bluu kwenye kiganja, akiwapungia watu. "Nakumbuka nilipokuwa nalijenga," alisema kwenye hotuba yake, na watu wakapiga makofi kwa moyo wote, kwani nani alikuwa na haja ya kubishana? Siwema alikuwa ameshavuka asubuhi, kwa miguu yake, tumbo mbele, kwenda zahanati.

Vumbi lilipotulia, Bwana Chilambo akamwendea Ndimbo na kibao mkononi.

"Sera ni kivuko kimoja, daraja moja," alisema kwa heshima, akamvika kibao shingoni. Kilisomeka: LIMEFUNGWA.

"Nimefungwa?" Ndimbo aliuliza.

"Umestaafishwa. Lakini daraja la zamani ni mali ya taifa, lina haki ya matunzo." Akasoma kitabuni. "Litiwe mafuta magotini kila wiki. Likalishwe kivulini. Lisivukwe na mtu."

Watu wakacheka, wakamsukuma mzee mbele. "Vuka, Mzee Ndimbo! Zamu yako!"

Ndimbo akatia mguu wa kwanza kwenye daraja, wa pili, akasimama. Akageuka akatazama nyuma. Akapiga tena hatua mbili, akasimama tena, akajipapasa mgongo.

"Nini, mjomba?" Tunu alimfikia.

"Sijui, mama." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Miaka yote hii sijawahi kuvuka hapa mtupu. Nahisi nimemsahau mtu ukingoni. Mgongo hauniambii niende."

Tunu alimtazama. Kisha akavua viatu vyake vya useneta, akavipanga vizuri pembeni, akapandisha gauni, akachuchumaa mbele yake akampa mgongo.

"Panda."

"Wee! Seneta mzima?"

"Mjomba, panda, watu wanatazama. Soga unazo?"

"Soga ninazo," alisema Ndimbo, akapanda, miguu yake mirefu ikiburuza chini pande zote mbili. Na Tunu Kisonzo akainuka, akayumba kidogo, akaanza kwenda juu ya maji bila kulowa, watu wa Ng'ambo wakiwafuata kwa vigelegele, na mzee huko juu anasimulia jambo lililomfanya seneta acheke mpaka machozi yamtoke.

Bwana Chilambo alitazama. Alikuwa mtu mkweli. Akachomoa kalamu sikioni, akafungua rejista, akaandika alichokiona:

Kivuko cha Mvungwe. Daraja: la tatu. Jinsi: la kike. Hali: zuri. Tabia: linacheka huku linalia.